Alama za majambia ya kale ya Moroko

Alama za majambia ya kale ya Moroko ni chapa, maandishi na michoro iliyogongwa au kuchongwa kwenye bapa, mpini na ala ya majambia yaliyotengenezwa nchini Moroko, hasa katika karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20. Kwa kuzitazama pamoja na vifaa vingine vya jambia, kama vile pete za kuning'inizia, mabati ya fedha au shaba na kamba ya begani, watu wa makumbusho, wauzaji na wakusanyaji hukadiria jambia limetoka wapi na lina umri gani.

Kazi hii ina mtego wake. Alama inayoonekana wazi zaidi mara nyingi si ya fundi aliyetengeneza jambia. Majambia mengi ya Moroko hayana saini ya mtu yeyote. Yale yenye chapa mara nyingi yamebeba chapa ya kiwanda cha Ulaya kilichofua bapa peke yake, au ya ofisi ya serikali iliyopima fedha ya ala miaka mingi baada ya jambia kutengenezwa. Kwa hiyo jambia moja linaweza kuwa na tarehe tatu: ya bapa, ya mpini na ya ala. Mtu anayesoma moja tu na kuitangaza kuwa umri wa kifaa chote hukosea.

Aina kuu

Jambia la Moroko linalojulikana zaidi ni kumiya (kwa Kiarabu: كمية, kwa Kifaransa huandikwa koummya). Jina lake kwa kawaida huhusishwa na neno la Kiarabu kumm, yaani mkono wa nguo. Bapa lake limepinda, na kwa kawaida lina urefu wa takriban sentimita 20 hadi 25. Karibu na mpini lina makali upande mmoja tu. Kuelekea ncha lina makali pande zote mbili. Kichwa cha mpini kimetanuka kama kipepeo au mkia wa tausi, na kwa umbo hilo mtu huweza kuitambua kumiya hata akiwa mbali.

Ala ya kumiya ina masikio mawili karibu na mdomo wake, kila moja likiwa na pete. Kamba nene ya sufi, pamba au hariri hufungwa kwenye pete hizo, ikapitishwa juu ya bega la kulia ili jambia lining'inie ubavuni kushoto. Hapo ndipo msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anapoweza kutofautisha kwa haraka. Hanjari ya Oman, ambayo ilivaliwa pia Zanzibar, hukaa mbele ya tumbo kwenye mkanda, na ala yake hukunjika ghafla karibu kama kona ya mraba. Ala ya kumiya hupinda polepole na kumalizika kwa kitufe kidogo, wala haihitaji mkanda wa kiunoni.

Aina nyingine mbili ni za bapa lililonyooka au linalokaribia kunyooka. Janwi ni kisu kirefu chenye makali upande mmoja, na jina lake linatokana na mji wa bandari wa Genova nchini Italia. Sbula ni jambia refu au upanga mfupi ulionyooka, wenye mpini unaofanana na herufi I: mwembamba katikati, na vipande viwili vya kukingama juu na chini. Nimcha si jambia bali ni upanga, ingawa alama za bapa lake zina mengi ya kufanana na za janwi.

Chapa za bapa

Bapa za kumiya za kawaida zilifuliwa na wahunzi wa Moroko, na nyingi hazina kitu kilichoandikwa. Nyingine zililetwa kutoka Ulaya, hasa Solingen, mji wa Ujerumani uliokuwa ukiuza bapa za visu na panga katika nchi nyingi. Neno SOLINGEN, au jina la kiwanda lililogongwa karibu na mpini, linaeleza asili ya chuma tu. Mpini na ala vilitiwa Moroko, na huenda vilitiwa muda mrefu baadaye, kwa kuwa bapa zuri halikutupwa: mpini ukivunjika bapa lilipewa mpini mpya.

Chapa ya Ulaya nayo inahitaji kuchunguzwa. Chapa ya kweli ya kiwanda hugongwa kwa chombo cha chuma kigumu, kwa hiyo kingo zake ni kali na kina chake ni kimoja kila mahali. Chapa ya kuigwa mara nyingi imechongwa kwa mkono: herufi hazilingani, baadhi zimegeuzwa nyuma mbele, na mistari inaonyesha mahali patasi ilipoteleza. Kuiga huku hakukuwa lazima udanganyifu. Mhunzi alijua kwamba mnunuzi anaheshimu bapa lenye alama, naye akaiweka alama kama ishara ya ubora.

Mfano bora wa jambo hili ni alama ya mundu. Ni nusu duara mbili zinazotazamana au kupeana mgongo, zenye meno madogo kama ya mundu, na mara nyingi vitone vitatu kila mwisho. Inahusishwa na bapa za kaskazini mwa Italia zilizosafirishwa kupitia Genova. Baadaye iliigwa Ujerumani, Austria, Kaukazi na Afrika Kaskazini. Bapa la janwi au nimcha lenye alama hii basi linaweza kuwa la Italia, la Ujerumani au la Moroko kwenyewe. Alama peke yake haitoshi kuamua. Hutazamwa namna ilivyogongwa, ubora wa chuma, na mifereji iliyochimbwa kwenye bapa, ambayo katika kazi ya Ulaya huwa imenyooka na kulingana kwa urefu wake wote.

Singe zilizogeuzwa majambia

Kundi moja la alama linaaminika kuliko mengine yote, nalo ni maandishi ya singe za Kifaransa. Baadhi ya sbula zimetengenezwa kwa kukata singe za kijeshi, hasa ile ya bunduki ya Gras iliyopitishwa na jeshi la Ufaransa mwaka 1874. Singe hiyo ina bapa jembamba la takriban sentimita 52 ambalo likikatwa huonekana kama herufi T, kwa maana mgongo wake ni mnene na bapa lenyewe ni jembamba. Viwanda vya Ufaransa viliandika juu ya mgongo huo, kwa mwandiko wa kuunganisha herufi, jina la kiwanda (kwa mfano St. Étienne, Tulle au Châtellerault) pamoja na mwezi na mwaka.

Fundi wa Moroko alipofupisha singe hakuwa na sababu ya kusugua mgongo. Maandishi yakibaki, hata nusu yake, jambia haliwezi kuwa la kabla ya mwaka huo. Hata pale yaliposuguliwa kabisa, umbo la T linabaki kuwa ushahidi. Muuzaji anayesema sbula yenye bapa la T ni ya karne ya 18 aulizwe amepata wapi chuma hicho.

Maandishi ya Kiarabu na tarehe

Maandishi ya Kiarabu hupatikana kwenye bapa au ala za majambia machache, na yanaweza kuwa dua, jina la mwenye jambia, au jina la fundi likitanguliwa na neno amal, yaani "kazi ya". Tofauti kati ya mwenye jambia na fundi ni muhimu: jina lisilo na amal wala neno jingine la kazi lisichukuliwe haraka kuwa la fundi.

Mwandiko wenyewe husaidia kutambua asili. Katika mwandiko wa Maghrebi, ambao ndio wa jadi Moroko, herufi fa ina nukta moja chini na qaf ina nukta moja juu. Katika mwandiko wa Mashariki fa ina nukta moja juu na qaf ina mbili. Msomaji aliyezoea msahafu uliochapishwa Misri au maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ataisoma qaf ya Moroko kama fa, na jina zima litaharibika.

Tarehe zina tatizo jingine. Moroko haikutumia tarakimu za Kiarabu za Mashariki, bali tarakimu 1, 2, 3 zinazofanana na zinazotumika leo duniani kote. Kwa hiyo mwaka wa Hijiria kwenye jambia la Moroko unasomeka moja kwa moja, na mtu asiyejua huudhania kuwa wa Kikristo. Namba 1318 ni mwaka wa Hijiria ulioanza mwaka 1900, si karne ya 14. Sarafu za fedha za Sultani Hassan I zinaonyesha jambo lilelile: nyingi zina namba 1299, ambao ni mwaka 1881 hadi 1882. Kwa kukadiria haraka, majambia mengi ya kale yenye tarehe huanguka kati ya 1250 na 1350 ya Hijiria, yaani takriban 1834 hadi 1932.

Nyota yenye pembe sita, inayoitwa muhuri wa Suleimani, inahitaji neno la tahadhari. Kwa kuwa masonara wengi wa Moroko walikuwa Wayahudi, kuna wanaoiona nyota hiyo kwenye ala na kusema mara moja kwamba fundi alikuwa Myahudi. Lakini nyota hiyo ilikuwa pambo la Waislamu pia, na iligongwa kwenye sarafu za shaba za masultani wa Moroko. Haithibitishi dini ya fundi.

Chapa za fedha

Kabla ya utawala wa Ufaransa, ulioanza mwaka 1912, fedha ya majambia mara nyingi ilitokana na sarafu zilizoyeyushwa, na kumiya nyingi za fedha nzuri za karne ya 19 hazina chapa yoyote ya kipimo. Kukosa chapa si dalili ya fedha bandia.

Chini ya utawala huo ukaguzi wa vyombo vya thamani uliwekwa kwa mfano wa Kifaransa. Chapa inayofahamika zaidi kwenye fedha ya Moroko tangu miaka ya 1920 ni kichwa cha kondoo dume, kidogo sana, ambacho huonekana vizuri kwa kioo cha kukuzia. Kwenye jambia hutafutwa kwenye ukingo wa mdomo wa ala, kwenye masikio yake, au kwenye pete. Chapa hiyo inaonyesha kwamba fedha ilipimwa; jambia lenyewe linaweza kuwa la zamani zaidi, kwa vile vitu vya zamani vilipelekwa kukaguliwa vilipotaka kuuzwa.

Chapa ya batamaji aliyetumiwa na ofisi za Ufaransa tangu mwaka 1893 ina habari tofauti. Iligongwa kwenye vitu vya fedha vilivyoingizwa kutoka nje au vilivyouzwa kwa mnada bila asili yake kujulikana. Kumiya yenye batamaji imepita sokoni Ufaransa. Inaeleza safari ya jambia, na kwa historia ya umiliki ni ushahidi mzuri, lakini juu ya karakana iliyolitengeneza haisemi neno.

Mpini, ala na vifaa

Pale chapa zinapokosekana, vifaa huzungumza zaidi, na mtaalamu mzuri huanza nazo kabla ya kutafuta chapa.

Mpini wa kumiya ya kawaida ni wa mbao ngumu, mfupa au pembe, ukiwa na bati la shaba ya manjano au fedha juu ya kichwa na pete ya chuma shingoni ambapo bapa linaingia. Msuka wa bapa hupita ndani ya mpini. Mpini wa zamani uliotumiwa una ulaini wa mkono: nakshi imefifia pale vidole vinaposhika na kubaki kali kwenye mabonde. Mpini uliofifia sawasawa kila mahali umesuguliwa kwa makusudi.

Ala hutazamwa pande zote mbili. Katika kumiya nyingi upande wa mbele ni wa fedha yenye nakshi, na wa nyuma, unaogusa nguo, ni wa shaba ya manjano yenye michoro myepesi. Huu si ujanja. Ndivyo ala ya bei ya wastani ilivyotengenezwa. Kumiya ya fedha pande zote mbili ilikuwa ya mtu mwenye uwezo. Jambia lililovaliwa kweli lina mikwaruzo ya nguo upande wa nyuma, na pete zimeliwa na kamba mahali palepale. Pete mpya kwenye masikio yaliyoliwa ni matengenezo ya kawaida. Pete zilizoliwa kwenye masikio mapya zinatia shaka.

Nakshi inaelekeza kwenye eneo. Kazi ya enameli ya kijani, manjano na buluu iliyotiwa ndani ya vyumba vya nyuzi za fedha ni ya kusini, hasa bonde la Sous na milima ya Anti-Atlas. Huko huko hupatikana nielo, yaani mchanganyiko mweusi wa fedha, shaba, risasi na salfa unaoyeyushwa ndani ya michoro ili ionekane kama wino juu ya fedha. Tiznit, mji uliojengewa kuta na Sultani Hassan I mwanzoni mwa miaka ya 1880, hadi leo unajulikana kwa masonara wake. Taroudant ni kituo kingine cha eneo hilo. Ndani zaidi, upande wa kusini wa milima ya Atlas, kijiji cha Azlag karibu na Kelaat M'Gouna kina mafundi wa majambia wanaofanya kazi mpaka sasa, kwa hiyo jambia la "mtindo wa Azlag" linaweza kuwa la babu au la mwaka jana.

Kuondoka kwa Wayahudi wa Moroko kulibadilisha ufundi huu. Mwaka 1948 walikuwa takriban 250,000. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 wengi wao walikuwa wamehamia Israeli, Ufaransa na Kanada. Karakana zao zilifungwa au kuchukuliwa na mafundi Waislamu, ambao baadhi yao walikuwa tayari wakiifanya kazi hiyo.

Metali nyeupe isiyo fedha ni ya kuangaliwa. Mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ambao hauna fedha hata kidogo, ulienea sana katika karne ya 20. Unang'aa ukiwa na rangi ya manjano kidogo, hauweusiki kama fedha, na ukilika kwenye kingo huacha kijani cha shaba.

Kipimo rahisi kuliko vyote hakihitaji chombo: jambia liingie katika ala yake. Bapa linalocheza ndani, linalokwama katikati, au ambalo mpindo wake haufuati mpindo wa ala, ni dalili kwamba vitu viwili vimekutanishwa dukani.

Kosa la "upanga wa Zanzibar"

Sbula ina historia inayowahusu wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Katika karne ya 19 mtaalamu wa silaha Auguste Demmin aliuchapisha mchoro wa sbula kama upanga wa Zanzibar. Richard Burton, ambaye mwenyewe alikaa Zanzibar katika miaka ya 1850, aliurudia katika kitabu chake The Book of the Sword cha mwaka 1884. Kwa kuwa Burton aliijua Zanzibar, wasomaji hawakuwa na sababu ya kumtilia shaka, na jina hilo likaingia katika orodha za wakusanyaji Ulaya na Marekani.

Mfaransa Charles Buttin, mkusanyaji wa silaha aliyefariki mwaka 1931, ndiye aliyeirudisha sbula Moroko. Alilinganisha mipini, ala na bapa za sbula na silaha nyingine za nchi hiyo, na orodha ya mkusanyo wake ilichapishwa mwaka 1933. Utafiti wake juu ya majambia na panga za Moroko ulitoka katika jarida la Hespéris mwaka 1939, na bado ndio msingi wa somo hili.

Hata hivyo jina "upanga wa Zanzibar" halijafa. Linaonekana bado kwenye minada. Mtu wa Zanzibar akiuliza sbula ilivaliwa wapi visiwani, jibu ni kwamba silaha za kuvaliwa za huko zilikuwa hanjari za Oman na panga za Kiarabu zilizonyooka au kupinda, zenye mipini isiyofanana kabisa na herufi I. Makumbusho yenye sbula chini ya kibao cha Zanzibar yangefanya vyema kubadilisha kibao.

Kumbukumbu za vita na vitu vya watalii

Kumiya ilipata umaarufu mpya kupitia askari wa Moroko katika jeshi la Ufaransa walioitwa goumier, waliopigana Italia, Ufaransa na Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili. Beji zao zilikuwa na umbo la kumiya, na chama cha maofisa wao wa zamani kiliitwa La Koumia. Beji hizo ndogo wakati mwingine huuzwa kama "majambia ya watoto".

Kumiya ilikuwa pia zawadi ya heshima. T'hami El Glaoui, pasha wa Marrakech, alikwenda London mwaka 1953 kwenye sherehe ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II akiwa na taji na jambia la thamani. Zawadi zote mbili zilikataliwa kwa sababu hakuiwakilisha serikali yoyote. Simulizi za aina hiyo huwafanya wauzaji wampe El Glaoui kila kumiya yenye dhahabu, bila barua wala picha ya kuthibitisha.

Majambia ya watalii yalianza kutengenezwa kwa wingi katika karne ya 20. Bapa lake ni bati jembamba lisilonolewa, mara nyingi lenye mistari ya mapambo iliyogongwa kwa mashine. Mpini na ala hufunikwa kwa vipande vya mfupa wa ngamia vilivyotiwa rangi ya chai ili vionekane vya kale. Rangi hiyo ikiwa imeingia kwenye nyufa lakini kingo za nyufa bado ni kali, mfupa ni mpya.

Sheria za usafirishaji

Mipini ya pembe za ndovu au za faru ipo katika silaha za Moroko, ya faru hasa kwenye nimcha za kifahari. Vitu hivyo vinasimamiwa na mkataba wa CITES, ambao mwaka 1989 uliamua kumweka ndovu wa Afrika katika orodha ya ulinzi mkali zaidi. Jambia lenye mpini wa aina hiyo linaweza kuzuiliwa forodhani hata kama lina umri wa zaidi ya miaka 100, ikiwa mwenyewe hana hati. Pembe ya ndovu hutofautishwa na mfupa kwa kioo cha kukuzia: mfupa una vitundu vidogo vyeusi na mistari mifupi, ilhali pembe ya ndovu iliyokatwa kukingama huonyesha mistari inayopishana kama wavu.

Silaha na vito vya fedha vya Moroko vimo katika mikusanyo ya makumbusho ya Quai Branly huko Paris.